Mashine ya sukari bila stripu ni taa bila mafuta

Mtu wa mji wa Pate akitaka kwenda Lamu kutibiwa, mara nyingi hutembea hadi Mtangawanda kupanda chombo, au hungoja maji yajae. Kwa mgonjwa wa kisukari, safari hiyo kwa ajili ya kupimwa tone moja la damu ni adhabu. Ndiyo maana mashine ndogo za kupima sukari, zinazoenea kiganjani, ni neema kwa watu wa visiwani.

Lakini mashine hiyo peke yake haipimi kitu. Kazi yenyewe huanzia kwenye stripu. Ndani ya stripu mna elektrodi na kimeng'enya. Damu ikiingia, kimeng'enya huondoa elektroni kutoka kwa sukari. Mashine hushikilia volteji isiyobadilika na kupima mkondo wa umeme unaopita. Sukari ikizidi, mkondo nao huzidi. Katika maabara za kemia kifaa cha kazi hiyo huitwa potenshiostati, nacho kilielezwa na Archibald Hickling huko Uingereza mwaka 1942. Mashine ya kwanza ya nyumbani ya aina hii, yenye umbo la kalamu, iliingia sokoni mwaka 1987.

Kwa hivyo kila anayejidunga kidole anafanya jaribio la maabara, na jaribio lina masharti. Stripu huharibiwa na joto na unyevu, na hewa ya Pate ina vyote viwili. Kichupa kikiachwa wazi, mashine bado itatoa namba, lakini huenda namba hiyo ni ya uongo. Vivyo hivyo kwa aliyetoka kula tende au halwa akajipima bila kunawa mikono: atasoma sukari ya kidoleni, si ya damu. Akiiamini na kujiongezea insulini, sukari yake yaweza kushuka hadi azirai, tena usiku, maji yakiwa yamekupwa.

Maoni yangu ni haya. Mashine hununuliwa mara moja, bali stripu hutumiwa mara moja ikatupwa, na kwa kawaida stripu za kampuni moja hazifai mashine ya kampuni nyingine. Anayetoa mashine kwa zahanati bila kupanga stripu za mwaka mzima ametoa pambo la mezani. Tangu mwaka 2013 huduma za afya nchini Kenya ziko mikononi mwa kaunti. Basi kaunti ya Lamu, na kila mfadhili, waanze kwa kuhesabu stripu, ndipo wahesabu mashine. Wauguzi nao wawe na maji maalumu ya kuhakikishia mashine, na wamfundishe mgonjwa kufunga kichupa na kuangalia tarehe ya mwisho.

Wapo watakaosema stripu ni ghali. Ni kweli. Lakini upofu, figo zilizokufa na mguu uliokatwa ni ghali zaidi, na havina dukani pa kununuliwa vingine.