Sitara Isiyositiri

Wako watu wa kwetu, na washairi miongoni mwao, waaminio kwamba kuutaja UKIMWI kwa jina lake ni utovu wa adabu. Mwambao, wasema, una lugha ya sitara. Maradhi ya aibu husemwa kwa mafumbo. Mimi nimezeeka katika lugha hii, nikipata riziki yangu kwa tafsiri na faraja yangu kwa ushairi, na leo nawapinga. Fumbo langu mwenyewe lilikaribia kumuua mtu.

Nilikuwa London, nikifanya kazi ya ukalimani hospitalini. Dada mmoja wa mwambao alikuwa akitumia dawa za kufubaza virusi. Daktari akamweleza kwamba kipimo hakivioni tena virusi katika damu yake, na kwamba maadamu anadumu na dawa, hatamwambukiza mumewe. Nami nikaona haya. Nikasema, "Dada, yale mambo hayaonekani tena." Ya dawa na ya mume niliyameza. Akashukuru, akaenda zake. Aliporudi baada ya miezi, amekonda, daktari alimwuliza kwa nini ameacha dawa. Akanigeukia mimi: "Kaka, si wewe uliyeniambia yamekwisha?"

Sikusema yamekwisha, lakini nilimwachia nafasi ya kusikia hivyo. Kufubaza si kufuta, na kisichoonekana hakijaondoka. Maneno hayo mawili nilikuwa nayo kinywani, nikayaficha kwa jina la adabu.

Ugenini mafumbo yana hatari zaidi, kwa kuwa jamaa ni wachache na wote wajuana. Mkalimani wa leo hospitalini ndiye utakayekaa naye kesho maulidini. Basi mgonjwa humwogopa mkalimani kuliko maradhi, akachelewa kupima hadi kinga ya mwili imeporomoka. Mwingine humchukua mwanawe amfasirie. Na mama gani atayasema ya chumbani kwake kwa kinywa cha mtoto wake?

Sisemi kwamba lawama yote ni yetu. Katika nchi za Ghuba, wanakokwenda vijana wetu kutafuta kazi za nyumbani, damu hupimwa ili kupata kibali cha ukaazi, na anayekutwa na virusi hurudishwa kwao. Marekani nayo iliwazuia wageni wenye VVU kuingia nchini mwake tangu 1987 hadi Januari 2010. Mgeni aliyekiona kipimo kikigeuzwa fimbo ya kumfukuzia ana haki ya kukikimbia. Serikali zifanyazo hivyo hazijilindi. Zinawafundisha watu kujificha.

Lakini Uingereza, tangu Oktoba 2012, tiba ya VVU ni bure kwa kila mtu, hata asiye na kibali cha kuishi huko. Huko sheria imeufungua mlango, nasi twaurudisha kwa mikono yetu.

Nitaambiwa kwamba dini imetuhimiza kumsitiri mwenzetu. Naam, na hapo ndipo tulipochanganya. Sitara ni ya jina la mgonjwa, si ya jina la ugonjwa. Mkalimani anyamaze nje ya mlango wa daktari, asimwambie hata mkewe. Ndani ya mlango ule aseme kila neno. Sisi tumepindua: mbele ya mgonjwa twasema "ule ugonjwa", na barazani twamtaja kwa jina lake na la babake, tukiongeza kuwa kakanyaga waya. Hiyo ni sitara ya nani?

Nanyi washairi wenzangu, mnaotunga kwamba maradhi haya ni malipo ya waliokwenda ng'ambo, jueni kuwa beti zenu husafiri. Yule dada alikuwa nazo kichwani alipoketi mbele ya daktari, nami nilikuwa nazo. Wahenga walitwambia kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Hawakusema ni kilio cha nani, lakini mimi nilikaribia sana kukisikia.