Dawa ilifanya kazi, samaki wakafa

Haya wasomaji wangu, nimekuwa kimya wiki tatu. Kazini kulikuwa na mradi wa kumalizia, na nyumbani kulikuwa na msiba: tangi langu la maji ya chumvi, lita 200, limekufa karibu lote. Najua kuna atakayeuliza, "Wewe uko Machakos, bahari iko zaidi ya kilomita 400, matumbawe ya nini?" Hilo tuliache. Leo nina ugomvi na ushauri mmoja tu, ule wa "mwaga dawa".

Ilianza hivi. Rafiki yangu wa Nairobi alinikatia kipande cha tumbawe kutoka tangi lake. Nikakitia moja kwa moja kwenye tangi langu. Mwezi haukuisha, nikaona vidoa vyekundu kwenye mchanga na kwenye kioo. Minyoo bapa! Wadogo kama punje ya mchele, na wanazaliana kwa kujigawa. Nikauliza wafugaji wenzangu, wakanijibu kwa sauti moja: nenda agroveti, nunua levamisole, ile ya kuwanywesha mbuzi, mwaga.

Nikamwaga jioni, nikalala. Asubuhi minyoo wote wamekufa. Samaki pia. Baada ya siku mbili maji yananuka na matumbawe yanayeyuka.

Sasa sikilizeni, dawa ilifanya kazi yake vizuri kabisa. Minyoo hawa wana sumu mwilini, na wakifa maelfu kwa mpigo, sumu yote inamwagika majini. Aliyenishauri hakuniambia nifyonze kwanza wengi iwezekanavyo kwa mpira. Hakuniambia niwe na mkaa wa kuchujia na maji mapya ya chumvi tayari kando. Na mimi, mtu wa kompyuta, sikuuliza! Kosa ni langu.

Halafu kuna kipimo. Chupa ya agroveti inakueleza dozi kwa kilo za mnyama. Tangi lina kilo ngapi? Tena nyingi ya dawa hizo zimechanganywa na oxyclozanide, ya kuua minyoo ya ini. Nani amewahi kutuambia matumbawe yana ini?

Sisi waandika programu tunaijua tabia hii. Ni yule jamaa anayerekebisha kosa moja kwa moja kwenye seva ya wateja, Ijumaa saa kumi na moja jioni, bila bekapu, kisha anapanda matatu kwenda nyumbani. Mdudu mmoja amekufa, mfumo mzima umelala. Tunamcheka, kumbe nyumbani tunafanya yale yale.

Dawa ya kweli ni kumzuia mdudu mlangoni. Kila tumbawe jipya likae kwenye tangi dogo la pembeni wiki nne hadi sita. Lichovye kwenye dawa ya kuoshea matumbawe, likwangue chini ulipo msingi wake, kisha rudia kila wiki. Kwa nini urudie? Kwa sababu dawa huua minyoo lakini mayai hubaki mazima. Ukichovya mara moja umejidanganya.

Na Aiptasia, yule anemoni wa kahawia? Ukimkata kwa kisu, kila kipande kinaota upya. Mdunge chokaa nzito kwa sindano, au mtafutie anayemla: kamba wadogo wa jamii ya Lysmata (kamba wa baharini, si sisi Wakamba!) au Berghia, konokono asiye na gamba ambaye chakula chake ni Aiptasia tu.

"Karantini ni ghali," wananiambia. Ndoo ya lita 20, hita na pampu ndogo. Piga hesabu ya samaki wangu waliokufa, halafu tuongee.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni neno nililoambiwa baada ya msiba: "Usijali, shuka pwani ukatoe mengine." Jamani! Mwaka 1998 matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa kwa joto la bahari. Hifadhi za Malindi na Watamu zimekuwepo tangu 1968 kwa sababu kuna watu waliona mbali. Matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya CITES, hayavuki mpaka bila kibali. Halafu mimi niue kwa uvivu, nikachukue mengine huko? Bahari si bekapu ya tangi langu.

Kama huna subira ya wiki sita, fuga kuku. Kuku ni wazuri, na dawa yao ya agroveti ina kipimo chao.

Mimi naanza upya, na safari hii ndoo ya karantini imetangulia. Anayenipinga na aje na hoja, asije na chupa.