Hesabu Kwanza, Starehe Baadaye

Kila askari ajua kwamba kikosi hakiondoki mahali kabla watu wake hawajahesabiwa. Hufanywa hivyo asubuhi, hufanywa jioni, na hurudiwa baada ya doria, wala hakuna auonaye utaratibu huo kuwa usumbufu. Ni ajabu basi kwamba askari huyohuyo, akishapata likizo na kuvua sare, huingia katika chombo cha starehe bila ya kuuliza ni nani mwenye kazi ya kuhesabu.

Safari za baharini za siku moja zimeenea katika nchi za joto, tangu visiwa vya Karibi na Hawaii hadi Mauritius, Zanzibar na pwani ya Kenya. Chombo kipendwacho sana ni katamarani, yaani chombo chenye matumbo mawili yaliyounganishwa kwa sitaha pana. Asili ya jina ni lugha ya Kitamil, na maana yake ni magogo yaliyofungwa pamoja. Upana wake hukituliza, kama vile ngalawa ya mwambao ituliavyo kwa matengo yake. Lakini kikipinduka juu chini hakijigeuzi chenyewe. Wageni hukaa juu yake wakiota jua, na wafikapo penye matumbawe huvaa miwani ya majini na mrija wa kupumulia, wakaelea kifudifudi kutazama samaki. Kundi la jamaa au marafiki likikodi chombo kizima, raha huzidi, maana hakuna mgeni kati yao.

Na hapo ndipo amri inapolegea. Anayelipa hudhani kwamba ndiye kamanda. Nahodha akisema upepo umegeuka, yeye hujibu kwamba saa zake hazijaisha. Tena kwa kuwa wote wanajuana, kuhesabiana huonekana upuuzi.

Tarehe 25 Januari, 1998, mashua moja iliwachukua abiria 26 kutoka Port Douglas, katika jimbo la Queensland, Australia, kwenda kuzamia kwenye Mwamba Mkuu wa Matumbawe. Jioni ilirudi na abiria 24. Mke na mume, Wamarekani, walikuwa wameachwa katikati ya bahari. Ilielezwa baadaye kwamba hesabu ilivurugwa na watu waliorudi kuogelea wakati wenzao wakihesabiwa. Jambo linalochoma moyo zaidi ni kwamba kukosekana kwao hakukutambulikana usiku ule wala kesho yake. Ni siku ya pili ndipo mkoba wao ulipoonekana chomboni nao haujachukuliwa. Msako mkubwa ulifanywa kwa ndege na vyombo vya majini, lakini maiti zao hazikupatikana. Nahodha alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, akaachiliwa. Sheria za Queensland zilikazwa, na leo hesabu ya watu waliomo chomboni ni wajibu wa kisheria.

Hao walikuwa wazamiaji wenye mitungi ya hewa. Yule anayeelea kwa mrija huonekana kuwa salama zaidi kwa sababu hatoki juu ya maji, lakini hilo si kweli. Mtu anayetazama samaki hulala kimya, uso chini, mikono imenyooka. Na mtu aliyekwisha kuzimia hulala vivyo hivyo. Aliye kwenye sitaha hawezi kuwatofautisha kwa kutupa jicho mara moja. Huko Hawaii, uogeleaji wa namna hii ndio unaoongoza kwa kuwaua watalii kwa kuzama. Ndiyo maana hutakiwa mlinzi asiyeingia majini, asiyepika samaki, asiyepiga picha, bali kutazama tu. Mwenye ugonjwa wa moyo aseme mapema. Na tusidanganyane: wako makamanda hodari waendao maili kumi na mzigo mgongoni, lakini hawawezi kuogelea hatua ishirini, na huona haya kuvaa jaketi ya kuokolea mbele ya vijana wao.

Asiseme mtu kwamba haya ni ya bahari za mbali. Jumamosi ya tarehe 24 Novemba, 2018, chombo cha starehe kilizama katika Ziwa Victoria, karibu na ufuko wa Mukono, hapa Uganda. Zaidi ya watu 30 walikufa. Polisi walieleza kwamba kilikuwa kimepakia kupita uwezo wake na hakikuwa na leseni. Waokoaji walipofika, swali la kwanza lilikuwa: walikuwamo watu wangapi? Hapakuwa na jibu la hakika, na idadi ilitajwa hivi na vile. Mpiga mbizi wa polisi aliye chini ya maji yenye giza hawezi kujua kama kazi yake imekwisha au bado, ikiwa hakuna aliyeandika majina gatini.

Askari aliye likizo hana mamlaka ya kumwamuru nahodha, wala asijaribu. Lakini anayo haki ya kuuliza, kabla kamba haijafunguliwa: Orodha ya majina iko wapi, na nakala yake ameachiwa nani nchi kavu? Ni nani atakayetutazama tukiwa majini? Kila mtu anayo jaketi inayomwenea? Na wakati wa kurudi, kila mmoja akae, asiruhusiwe mtu kuruka tena majini, wahesabiwe mara mbili na watu wawili tofauti. Nahodha mwema hatachukia kuulizwa. Akichukia, na arudishe fedha.