Waliojiunga Walikuwa Wazima Tangu Mwanzo

Ofisi zenye programu za kupunguza uzito hazikosi ripoti za kujivunia: waliojiunga wamepungua kilo, hawaombi ruhusa ya ugonjwa, na gharama zao za matibabu ni ndogo kuliko za wenzao. Bajeti huongezwa, na wengi huamini programu imefaulu. Ripoti hizo hazithibitishi lolote. Wa kwanza kujiandikisha ni yule anayekimbia kila alfajiri. Mwenye magoti mabovu, au anayeogopa kupandishwa mizani mbele ya wenzake, habanduki mezani kwake. Ukiwalinganisha mwisho wa mwaka, unapima tofauti waliyokuja nayo.

Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kililijaribu jambo hili kwa haki. Wafanyakazi 4,834 waligawanywa kwa bahati nasibu mwaka 2016. 3,300 wakaalikwa kwenye programu ya afya kazini, waliobaki hawakualikwa. Damon Jones, David Molitor na Julian Reif walipowalinganisha waliojiunga na wasiojiunga, programu ilionekana dawa: mazoezi mengi zaidi, gharama ndogo za matibabu. Walipolinganisha walioalikwa wote na wasioalikwa wote, faida hizo zikatoweka. Wafanyakazi ni walewale, mwaka ni uleule. Kilichobadilika ni namna ya kuhesabu tu.

Katika maduka ya BJ's Wholesale Club, pia nchini Marekani, utafiti wa Zirui Song na Katherine Baicker uliotoka mwaka 2019 ulihusu wafanyakazi karibu 33,000. Baada ya miezi 18, wafanyakazi wa maduka yaliyopewa programu ya afya walisema, zaidi kuliko wenzao, kwamba wanafanya mazoezi na kudhibiti uzito. Vipimo havikuwaunga mkono: uwiano wa uzito na urefu, shinikizo la damu, kolestero, utoro kazini na gharama havikuonyesha tofauti ya maana. Na hao wawili, pamoja na David Cutler, ndio waliokusanya tafiti za awali mwaka 2010 na kukadiria kwamba kila dola moja inayotumika kwenye programu kama hizi huokoa takriban dola 3.27 za matibabu. Ushahidi bora ulipopatikana, waliutangaza ingawa ulikinzana na hesabu yao wenyewe. Nawaheshimu kwa hilo.

Mwajiri asiyepima kwa kulinganisha walioalikwa na wasioalikwa humdhulumu mfanyakazi. Asiyepungua huonekana mvivu, huku zamu za usiku na chakula cha kantini vikibaki vilevile, bila kuulizwa na yeyote. Meneja anayeomba fedha za programu mwaka ujao aulizwe swali moja: wale ambao hawakujiunga, mliwapima lini?