Ukifufua Jeti Ski Nyumbani, Usiuze Rangi, Uza Daftari

Leo naongea na wale wanaonunua vitu vibovu, wanavitengeneza nyumbani, kisha wanaviuza mtandaoni. Wapo wa simu, wapo wa friji, wapo wa jenereta na pikipiki. Mimi niko Mwandoya, wilaya ya Meatu, na kati ya mizigo inayopita uani kwangu kuna jeti ski, zile pikipiki za majini.

Najua swali la kwanza: Mwandoya na jeti ski wapi na wapi? Huku ni pamba na ng'ombe, ziwa hatulioni. Kati ya wilaya tano za mkoa wa Simiyu, ni Busega peke yake inayogusa Ziwa Victoria. Ila mteja wangu haishi Mwandoya. Yuko Lamadi, yuko Mwanza, yuko Musoma. Ndiyo faida ya kuuza mtandaoni. Mashine inakaa uani hata miezi miwili na hakuna mtu wa kunidai kodi ya fremu.

Sasa shida iko hapa. Mteja wa Musoma hafungi safari hadi Meatu kuja kuangalia tu. Anaamua kwa kile unachomtumia kwenye simu. Na wengi wetu tunachomtumia ni picha ya rangi mpya, siti mpya, na maneno yale yale: "Kila kitu freshi, inawaka vizuri, haina shida, njoo na pesa."

Msimamo wangu ni huu: ukiuza mashine uliyoifufua, kitu unachouza siyo rangi. Unauza kumbukumbu ya kazi uliyofanya. Kama huna daftari linaloonyesha ulichobadilisha, ulichosafisha na ambacho hujakigusa, mzigo wako haujawa tayari kupostiwa, hata kama unang'aa kama kioo.

Kwa nini nasema hivyo

Pikipiki ya kawaida ikizima njiani, mtu anashuka anasukuma. Jeti ski ikizima katikati ya ziwa, hakuna pa kushuka. Upepo ukianza kumsukuma mbali na ufukwe, hilo "haina shida" lako halimsaidii kitu.

Kuna mteja mmoja wa upande wa Busega aliwahi kunipigia, mtu mzima, anataka mashine ya kukodisha kwa watu wanaokuja kupumzika ufukweni. Hakuuliza rangi, hakuuliza hata bei. Alisema, "Kijana wangu, mimi niambie kitu kimoja. Ikizima, itazima kwa sababu gani?"

Hilo ndilo swali la mnunuzi anayejua anachonunua. Na huwezi kulijibu kwa picha ya siti mpya. Unalijibu kwa daftari: betri ni mpya, mipira ya mafuta ni mipya, kabureta zimesafishwa, ila pampu ya oili sijaifungua. Basi. Hapo anajua hatari iko wapi, na anaamua kama mtu mzima.

Vitu ambavyo rangi inaficha

Nitaje vinne tu, ili uone kwamba siongei maneno matupu.

1. Kompresheni. Unatoa plagi, unafunga kipimo, betri ikiwa imejaa, unafungua mafuta hadi mwisho, unapiga stata. Kiwango sahihi kiko kwenye kitabu cha modeli hiyo. Lakini kanuni ya mafundi wengi ni kwamba silinda zote zikaribiane, tofauti isizidi kama asilimia 10. Moja ikiwa chini sana, ringi au pistoni imechoka, au gasketi inavujisha. Injini ya namna hiyo inaweza kuwaka vizuri tu uani. Ikipata mzigo ziwani ndipo inakuonyesha.

2. Impela, yaani feni ya chuma iliyo ndani ya pampu ya nyuma. Jeti ski haina propela ya nje. Impela inavuta maji kutoka chini na kuyasukuma nyuma kwa nguvu. Imezungukwa na ringi, na nafasi kati yake inatakiwa iwe ndogo sana. Ikiwa mashine imenyonya mchanga na kokoto, ringi inalika. Matokeo yake injini inalia kwa nguvu lakini chombo hakiendi. Ukiwa Mwandoya, juu ya matofali, kosa hilo huwezi kulisikia hata uwashe mara kumi. Lazima uchungulie kwa tochi na kupima.

3. Mfumo wa mafuta. Mashine iliyokaa miaka ina petroli iliyooza na kabureta zilizoziba. Mipira nayo inaoza kwa ndani. Sea-Doo nyingi za miaka ya 1990 zinajulikana kwa mipira ya kijivu inayogeuka utomvu wa kijani na kuziba kabureta. Kabureta ikiziba, injini inapata mafuta kidogo. Kwenye zile injini ambazo oili inachanganywa na petroli ndani ya tangi, mafuta yakipungua na oili inapungua, na pistoni inaungua. Kwa hiyo kusafisha kabureta na kuacha mpira mbovu ni kazi bure.

4. Kamba ya usalama. Hii ndiyo inayofungwa mkononi au kwenye jaketi la muendeshaji. Akianguka, kamba inachomoka na injini inazima. Swichi yake ikiharibika, injini inaweza kugoma kuwaka kabisa, na hapo ndipo mafundi wengi wanapopata kishawishi: unganisha waya moja kwa moja, inawaka, piga video, posti. Mimi nasema kwa sauti kubwa, hiyo ni kuuza ajali. Chombo kinaweza kumuacha mtu majini na kuendelea, au kumgonga mwingine. Swichi ikikosekana, mashine haiuzwi. Subiri spea.

Nyumbani siyo gereji

Na wewe unayefanyia kazi hii uani, kuna mambo mawili ya kuzingatia kabla hata ya kufikiria mteja.

La kwanza ni mvuke wa petroli. Ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutulia chini ndani ya bodi ya jeti ski, ambayo imefunikwa kama sanduku. Cheche moja tu inatosha. Toa siti, acha sehemu ya injini wazi ipate hewa kabla ya kugusa stata. Na usiiweke karibu na jiko la mkaa wala mahali watoto wanapocheza. Mama akianza kupika, wewe funga kazi au sogea mbali.

La pili ni maji ya kupoza. Ikiwa ziwani, jeti ski nyingi zinapozwa na maji yanayovutwa na pampu yake. Uani hakuna maji, kwa hiyo usiiache ingurume kama trekta. Sekunde chache zinatosha kujua kama inawaka. Ukitaka muda zaidi, unafunga mpira wa maji kutoka kwenye tangi la juu. Kwa mashine nyingi za aina hiyo mpangilio ni huu: washa injini kwanza, ndipo ufungue maji. Ukimaliza funga maji kwanza, ndipo uzime injini. Ukifungua maji injini ikiwa imezimwa, yanaweza kurudi kupitia ekzosi hadi ndani ya silinda. Angalia kitabu cha modeli yako, usibahatishe.

"Nikisema ukweli, mteja atanishusha bei"

Hili ndilo pingamizi ninalolisikia kila siku, na siyo la kijinga. Tuna familia, tunatafuta hela. Lakini hebu fikiria upande wa mnunuzi.

Ukimwambia "pampu ya oili sijaifungua", atauliza pampu inauzwa bei gani, atakata kiasi hicho au nusu yake, mnaelewana. Anakata kitu chenye mwisho. Ukimwambia "haina shida", yeye siyo mtoto, anajua mashine ya zamani haikosi shida. Sasa hajui ni ipi, kwa hiyo anakata bei kama vile kila kitu ni kibovu, au anakaa kimya na kununua kwa mwingine. Zile inboksi zinazoishia kwenye "nitakucheki" mara nyingi zinatokea hapo.

Daftari linakusaidia pia kujua bei yako mwenyewe. Chukua mfano huu wa kufikirika: mashine umenunua 1,500,000, usafiri 200,000, spea 900,000, rangi, oili na msasa 150,000. Umeifanyia kazi siku 12, na siku yako ya kazi tuseme ni 20,000, hiyo ni 240,000. Jumla ni 2,990,000. Ukiuza 3,200,000 faida yako ni 210,000, wala siyo milioni moja na laki saba kama unavyojidanganya ukikumbuka bei ya kununulia tu. Mteja akisema "nipe kwa 2,500,000", hujibu kwa hasira. Unajua unaongea nini.

Daftari lenyewe linakuwaje

Chora safu tatu: NIMEBADILISHA, NIMESAFISHA, SIJAGUSA. Kila siku ya kazi andika tarehe na bei ya spea. Piga picha ya spea ya zamani ikiwa pembeni ya mpya. Hiyo ya tatu, SIJAGUSA, ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu muuzaji tapeli hawezi kuiandika.

Andika pia jina kamili. Sisi mtaani tunaziita zote jeti ski, ila Jet Ski ni jina la biashara la Kawasaki. Za Yamaha zinaitwa WaveRunner, na Sea-Doo ni za kampuni nyingine. Weka majina yote mawili kwenye posti, la mtaani na la kiwandani, maana wanunuzi wanatafuta kwa majina tofauti na spea haziingiliani hovyo. Angalia na namba ya bodi, kwa kawaida iko upande wa nyuma. Kwa zilizotengenezwa kwa soko la Marekani ina herufi na tarakimu 12, na mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. Mtu akikuuzia ya 1996 kwa jina la 2006, hapo utamkamata. Namba ikiwa imekwanguliwa, achana na huo mzigo hata kama ni wa bure.

Posti yako iwe hivi:

"Jeti ski, Yamaha WaveRunner, silinda 2. Nimebadilisha: betri, plagi, mipira ya mafuta, swichi ya kamba ya usalama. Nimesafisha: kabureta, tangi. Sijagusa: pampu ya oili, beringi za shafti. Kompresheni ya silinda zote mbili iko kwenye video. Imejaribiwa kwa maji ya mpira, ziwani bado. Iko Mwandoya, usafiri tunaelewana."

Video iwe ya mfululizo bila kukata. Anza kwa kuweka mkono juu ya injini ili ionekane ni ya baridi, onyesha namba ya bodi, onyesha kipimo, kisha washa. Malizia kwa kuchomoa kamba ya usalama ili mteja aone injini inazima.

Na ile sentensi ya "ziwani bado" usiifute. Mashine ikifika kwa mteja, mkubaliane ijaribiwe karibu na ufukwe, mtu akiwa amevaa jaketi la kuokolea, kuwe na mtumbwi jirani, ndipo malipo ya mwisho yafanyike. Mwambie na hili, hasa kama ni mgeni wa chombo: kwa jeti ski nyingi za zamani, ukiachia mafuta usukani unakosa nguvu, kwa sababu kinachogeuza chombo ni maji yanayosukumwa na pampu. Mtu mwenye mazoea ya pikipiki anaachia mafuta akiona kitu mbele, kumbe hapo ndipo anakwenda nacho moja kwa moja. Mkumbushe pia kwamba vyombo vya majini vinasimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, na biashara ya kukodisha inaanza na usajili na ukaguzi.

Kwa ninyi wa simu, friji na jenereta, habari ni ile ile. "Betri nimebadilisha, kioo ni cha kwake, spika sijagusa." "Gesi nimejaza, kompresa ni ya zamani." Maneno kumi tu. Mteja wa mbali hana macho yake pale ulipo, anatumia ya kwako. Ukimuonyesha nusu, siku akigundua nusu nyingine anakuwa amekupoteza wewe na wenzake wote wa kwenye grupu lake.

Kwa hiyo leo kabla hujapiga picha ya mzigo wowote, chukua daftari la mia tano, chora safu tatu, jaza. Ukiona ile ya tatu iko tupu kabisa, rudi kwenye mzigo ukauangalie tena.