Amri Haifui Injini

Miongoni mwa visingizio vilivyodumu tangu Vita vya Pili vya Dunia ni hiki: kwamba Ujerumani ingeliokoa anga lake kwa ndege ya kivita ya jeti, Messerschmitt Me 262, lau Hitler asingeamuru, Mei 1944, igeuzwe kuwa ya kudondosha mabomu. Jenerali Adolf Galland, aliyeirusha Mei 1943 akavutiwa nayo, ni mmoja wa walioilaumu amri hiyo. Kwamba amri ilikuwa ya kipuuzi, sibishi. Ila kizuizi kikuu kilikuwa injini.

Ndege yenyewe iliruka kwa nguvu ya jeti pekee tarehe 18 Julai 1942. Lakini injini yake, Jumo 004 ya kampuni ya Junkers, ilihitaji madini yanayostahimili joto kali, kama vile nikeli na kobalti, nayo Ujerumani iliyozingirwa ilikuwa nayo haba. Wahandisi wakalazimika kuisanifu upya. Vyumba vya mwako vikaundwa kwa chuma cha kawaida kilichopakwa alumini. Mapanga ya turbini yakaachwa wazi ndani ili yapozwe kwa hewa. Ulikuwa ustadi, lakini ustadi wa mwenye dhiki: injini ilidumu kati ya saa 10 na 25 tu. Uzalishaji wake haukushika kasi hadi katikati ya 1944. Hata amri ile isingetolewa, ndege zingeendelea kusubiri injini. Na hata injini zilipopatikana, mafuta na marubani wenye uzoefu walikuwa wameadimika. Kati ya ndege takriban 1,400 zilizojengwa, zilizopigana ni kama 300.

Pengo hilo lilijazwa kwa nguvu za nani? Sehemu ya injini hizo iliundwa katika mahandaki ya Mittelwerk, karibu na Nordhausen, mahali palepale palipoundwa makombora ya V-2. Wafungwa wapatao 60,000 walipitia kambi ya Mittelbau-Dora iliyoyahudumia mahandaki hayo. Takriban 20,000 walikufa.

Hapa ndipo kisingizio kinapodhuru. Tukimtwika dikteta mmoja kosa lote, tunawatakasa mawaziri, wakurugenzi wa viwanda na majenerali waliojua kwamba madini hayapo, wakaendelea kupanga idadi za ndege na kuzitafutia watumwa. Dikteta hakuziendesha karakana hizo peke yake. Kulikuwa na waliohesabu, waliotia saini na waliosimamia.

Ndugu msomaji, hasa wewe uliye katika utumishi wa umma, mpango wowote ukiletwa mezani kwa mbwembwe, uliza maswali mawili kabla ya kutia saini: injini itatoka wapi, na ni mgongo wa nani utakaoibeba? Asiyeuliza leo asijifiche kesho nyuma ya amri ya mkubwa.