Chama Kisivuke Kizingiti cha Nyumba

Ndugu zangu wa Unguja na Pemba, chama cha siasa ni kitu cha lazima katika nchi. Natanguliza neno hilo kwa sababu kila uchaguzi ukiisha kwa machozi husikika sauti barazani zikisema vyama vifutwe, watu wapumzike. Dawa hiyo tumeshainywa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kilibaki Afro-Shirazi peke yake; mwaka 1977 kikaungana na TANU ikazaliwa CCM, na hadi 1992 hapakuwa na chama cha pili. Ushindani uliporudi katika uchaguzi wa 1995, majimbo yote 21 ya Pemba yalikwenda chama cha upinzani cha CUF, na CCM ikachukua 26 kati ya 29 ya Unguja. Vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya chama cha Hizbu (ZNP) kupigwa marufuku wakajisikia wakiitwa Hizbu. Marufuku ya miaka 28 iliziba midomo, nyoyo ikaziacha vilevile.

Tena mvuvi wa Nungwi au mchumaji karafuu wa Wete atafikaje Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi, kulisema lake? Peke yake ataambiwa aje kesho. Chama hukusanya kilio chake na cha wengine mfano wake, hukiandika katika ilani, humtafuta mtu wa kukisimamia. Na mtu huyo akilala, kipo chama kingine kinachongoja kumwamsha. Kwa kazi hiyo tukipende chama, tukichangie, tukipigie kura. Ninalolipinga ni chama kuiacha kazi hiyo kikaingia majumbani.

Wazee wetu wameyaona. Miaka ya 1957 hadi 1963 wanaiita Zama za Siasa, na wanaitaja kwa sauti ya chini. Mtu wa Hizbu hakununua dukani kwa mtu wa Afro, mtu wa Afro hakupanda basi la mtu wa Hizbu. Wenye mashamba waliwafukuza maskwota waliolima humo kwa kuwa walifuata chama kingine. Ndoa zilivunjika, maziko yakasusiwa. Januari 1961 ukafanyika uchaguzi wa viti 22, na kiti cha Chake Chake Afro-Shirazi ilikipata kwa kura moja tu. Wajumbe watatu wa chama cha tatu, ZPPP, walipogawika, wawili kwa Hizbu na mmoja kwa Afro-Shirazi, hesabu ikasimama 11 kwa 11. Sare si msiba. Ilihitaji kura ya pili, basi. Lakini kura hiyo ya pili, Juni mwaka uleule, ilipigwa na watu ambao kwa miaka minne walishazoea kupitana njiani bila ya salamu, na katika fujo zilizofuata wakafa watu 68. Mauaji yale hayakuanza Juni. Yalianza siku mtu alipompita jirani yake mwenye duka akaenda kununua mbali, naye akajiona shujaa.

Vyama vingi viliporudi, tukaishika njia ileile. Mwaka 1995 Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2, Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF akiwa na 49.8, na Pemba watu wakaanza tena kususiana. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 raia waliuawa kwa risasi katika maandamano, na wengine wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Nchi iliyozoea kupokea wakimbizi ikatoa wakimbizi.

Kisha tukapata rehema. Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ikaikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa asilimia 66.4. Oktoba mwaka huo Dk. Ali Mohamed Shein alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini safari hii Maalim aliyakubali matokeo, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Aliyeshindwa alijua hatatupwa nje, na wafuasi wake walijua hivyo. Nawapa heshima Karume na Maalim, wote wawili, kwa jambo lile.

Lakini makubaliano ya Ikulu hayakututoa sisi tabia ya kususiana. Tarehe 28 Oktoba 2015 uchaguzi ulipofutwa, maduka yalisusiwa tena, watu wakaachiana maiti. Agosti 2016, kwenye maziko ya Rais mstaafu Mzee Aboud Jumbe, Rais Shein alimnyooshea Maalim Seif mkono, ukakataliwa mbele ya umma. Uchungu uliokuwepo naujua: kura za watu zilikuwa zimefutwa, na mwenye kufutiwa kura ana haki ya kulalamika, kushitaki na kuandamana kwa amani. Hana haki ya kumwacha jirani azike peke yake. Kumzika Muislamu ni faradhi kifaya, na sharti la kadi ya chama halimo.

Basi nakusihi, wewe mwenye kadi ya CCM: ukimjua mwenzio kuwa ni mzaliwa wa shehia yenu, na anazungushwa kupata kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kwa sababu ya chama chake, fuatana naye hadi kwa sheha umshuhudie. Nawe wa ACT-Wazalendo, walikohamia wengi wa CUF: duka la jirani likisusiwa kwa kuwa mwenyewe ni CCM, ingia ununue mchana, wenzako wakikutazama. Binti yako akiposwa na kijana wa chama kingine, uliza dini yake, tabia yake na kazi yake, uishie hapo.

Mtaitwa wasaliti, nyote wawili. Vumilieni, wala msirudishe kadi. Bakini ndani ya vyama vyenu mkayaseme haya kwenye mkutano wa tawi, kwa maana tawi halimsikilizi mpinzani hata akililia haki yake. Ninyi litalazimika kuwasikiliza, kwa kuwa siku ya kura linawahitaji.